Kunguni wamerudi, au hawakuondoka?

"Nilipiga dawa wakaisha kabisa, baada ya wiki moja wamerudi." Anayeshughulika na kunguni husikia maneno haya kila mara, na jibu limo ndani ya hiyo wiki moja. Katika joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, yai la kunguni huanguliwa kati ya siku ya 6 na ya 10. Dawa iliwaua waliokuwa wanatembea siku ile. Mayai yalibaki yamebandikwa ndani ya nyufa, hayakuguswa, na wiki iliyofuata watoto wakatoka. Hakuna kunguni aliyerudi kutoka popote.

Kwa hiyo ninachoeleza hapa ni kazi ya mwezi mmoja, kwa chumba cha kawaida cha kupanga: kitanda cha mbao cha futi 5 kwa 6, godoro la sponji, kabati, chandarua, na jirani nyuma ya ukuta. Dawa ya kupuliza imo, lakini haitangulii. Kinachowamaliza ni joto, mikono, na kalenda inayofuatwa bila kuruka siku.

Kwanza hakikisha ni kunguni

Kunguni mzima ana urefu wa milimita 5 hadi 7, kama punje ya choroko iliyobanwa ikawa bapa, rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Akishiba damu hurefuka, hunenepa na kuwa mwekundu wa kukolea. Mtoto aliyeanguliwa leo ana milimita 1.5 tu na rangi ya majani makavu. Juu ya shuka jeupe huwezi kumwona mpaka anyonye, ndipo anapoonekana kama nukta nyekundu inayotembea. Yai ni jeupe, milimita 1, lina umbo la punje ndogo ya mchele.

Alama za kuumwa hazitoshi kukupa jibu. Mume anaweza kuamka na vipele mkono mzima na mke aliyelala naye asiwe na hata kimoja, kumbe wote wawili wamenyonywa. Mwili wa mmoja haujibu tu. Tafuta vidoa. Kinyesi cha kunguni ni damu iliyosagwa, kinaonekana kama nukta ya kalamu nyeusi. Chovya kitambaa cheupe kwenye maji, sugua ile nukta: ikitanuka ikawa na rangi ya kahawia au kutu, umepata.

Kwa wanaoishi kwenye nyumba za udongo, hasa mikoa ya kati ya Tanzania, kuna jambo la kuangalia kwa makini zaidi. Papasi naye hujificha kwenye nyufa za ukuta na sakafu, naye hunyonya usiku kisha hurudi mafichoni. Mhesabu miguu. Kunguni ana 6, papasi ana 8, ni wa kijivu na ngozi yake ina mikunjo kama ya ngozi iliyokauka. Tofauti hii si ndogo: kunguni hajathibitika kuambukiza binadamu ugonjwa wowote majumbani, ila papasi huleta homa ya papasi, homa inayopanda, inashuka, kisha inarudi tena baada ya siku kadhaa. Ukiona papasi nyumbani na mtu ana homa ya namna hiyo, nenda hospitali na uwaambie kuwa nyumba ina papasi.

Tafuta kabla hujagusa dawa

Chukua tochi yenye mwanga mkali, kadi ngumu ya plastiki (kadi ya benki iliyokwisha muda inafaa sana), selotepu pana, na ndoo yenye maji na sabuni: kijiko 1 cha chakula cha sabuni ya maji kwa kila lita. Kunguni akiangushwa kwenye maji matupu anaweza kuelea. Sabuni ndiyo inayomzamisha.

Anza na godoro. Vuta mshono wa pembeni, ule wenye kamba iliyoviringishwa ndani ya kitambaa, uufungue kwa kidole gumba huku tochi ikimulika kutoka ubavuni. Pitisha kadi ndani ya mshono, polepole, pande zote 4, juu na chini. Angalia chini ya lebo na kwenye kona. Godoro la sponji lisilotoboka huwa nao kwenye kava na mishono tu; wakiingia ndani ya sponji mara nyingi ni kwa sababu kuna tundu. Godoro la sufi au pamba ni habari nyingine, kwa sababu kila palipopita uzi ni mlango.

Kisha toa chaga. Geuza moja uitazame kwenye ncha, pale inapokaa juu ya ubao wa pembeni. Chumba kikiwa na kunguni wengi, hapo ndipo utaelewa unapambana na nini: mstari mweusi wa vinyesi ulioingia kwenye mbao, maganda mepesi yenye rangi ya asali waliyovua walipokuwa wakikua, na kando ya tundu la msumari safu ya mayai meupe yaliyokaa karibu karibu. Yafagie kwa brashi laini. Hayatoki. Jike huyabandika kwa gundi yake mwenyewe, na gundi hiyo haiachii kwa kufagia wala kwa kupepeta. Inabidi kukwangua kwa ukingo wa kadi au kwa kisu butu, au kuyapika pale pale yalipo. Jike mmoja hutaga mayai machache tu kwa siku, lakini huendelea kwa wiki nyingi na kufikia mamia maishani mwake. Ukiona mstari mmoja kama huo kwenye chaga moja, jua chaga zote na ubao wa kichwani vinastahili kazi ile ile.

Kunguni wengi hukaa ndani ya mita 1 au 2 kutoka anapolala mtu. Wanafuata joto la mwili na hewa tunayotoa puani. Baada ya kitanda angalia fremu ya mlango, nyuma ya picha, pindo za pazia, nyuma ya kabati, makochi, viungo vya dari na fundo la kamba ya chandarua. Vitanda vya chuma vya dabodeka vina mabomba yaliyo wazi ncha. Humo ndani hufichama kundi zima bila kuonekana. Kitanda cha kamba cha Pwani kina mafundo mamia, na kila fundo ni nyumba. Kwa hicho ushauri wangu ni mmoja: kata kamba zote, uzichemshe au uzichome, safisha fremu, kisha suka upya.

Jambo moja usilifanye: usihamie kulala sebuleni. Watu wengi hufanya hivyo usiku wa kwanza wanapogundua, na hapo sebule nayo huingia kwenye hesabu. Wakikosa mtu chumbani watamfuata, na waliojishika kwenye nguo zako tayari umeshawabeba.

Siku ya kazi

Anza asubuhi, maana kazi inachukua siku nzima. Tia shuka, foronya, chandarua, mapazia na nguo zote za chumbani kwenye mifuko ya plastiki humo humo chumbani, funga, ndipo utoe nje. Ukikumbatia lundo la shuka ukapita nalo koridoni umewasambazia wenzako.

Joto ndilo linaloua mayai kwa uhakika. Kwa nyuzijoto 48 kunguni mzima hufa ndani ya dakika 20 hivi, lakini yai linahitaji zaidi ya saa 1. Ukifika nyuzi 55 na kupita, wote hufa ndani ya dakika. Mwenye mashine ya kufulia aweke nyuzi 60. Wengi tunafua kwa mikono, na hapo hesabu ni rahisi: maji ya bomba ya Pwani yana nyuzi kama 28, hivyo ukichanganya nusu ya yanayochemka na nusu ya baridi unapata kama 64, halafu beseni na nguo hunywa joto hilo haraka likashuka chini ya linalohitajika. Tumia ndoo 2 za maji yanayochemka kwa ndoo 1 ya baridi. Zamisha nguo zote, kandamiza kwa mti, funika kwa mfuniko au plastiki, acha nusu saa. Usijaze beseni, nguo zikibanana, za katikati hazipati joto. Kanga na vitenge vipya vitatoa rangi, kwa hiyo viloweke peke yake. Angalizo kwa chandarua chenye dawa: maji ya moto huharibu dawa ya mbu iliyomo, na vingi huandikwa vifuliwe kwa maji ya kawaida. Kama kimejaa kunguni, kikague mshono kwa mshono, au badilisha.

Zisizoweza kuloweka, kama koti la suti au mkoba, piga pasi ya moto taratibu kwenye mishono. Mwenye friza inayofikia nyuzi 18 chini ya sifuri anaweza kufunga vitabu na viatu kwenye mifuko na kuviacha humo siku 4 mfululizo bila kuifungua fungua. Kila kilichokwisha kusafishwa kiingie kwenye mfuko mpya na kibaki humo mpaka chumba kiishe kazi.

Kuhusu kuanika godoro juani, najua ni desturi yetu wote, na ina faida yake: mwanga hukusaidia kukagua na kukwangua. Haiwaui wote. Upande wa juu hupata moto, kunguni huhamia upande wa chini au ndani ya mshono, na katikati ya godoro joto halifiki nyuzi 48 kwa saa nzima. Ukilianika, litandikie plastiki chini ili wanaoanguka waonekane na wasikimbilie ukutani, na uligeuze mara kwa mara. Vitu vidogo vikiwekwa ndani ya mfuko mweusi uliofungwa, tabaka jembamba, juu ya bati saa 6 hadi saa 9 mchana wa jua kali, vinaweza kufikia joto la kuua. Tia kipimajoto katikati ya mfuko ujue, usikisie.

Fremu ya kitanda ifungue yote: bolti, skrubu, kila kiungo. Kwangua nyufa kwa kadi, wanaotoka watumbukize kwenye ndoo ya sabuni. Kisha mimina maji yanayochemka kwenye viungo na matundu ya misumari, ukiwa nje na ukivaa viatu vya kufunika. Birika lenye mdomo mwembamba ndilo bora, kwa sababu maji hupoa haraka yakitapakaa. Mkondo mwembamba unaotulia sehemu moja sekunde 10 hufika ndani zaidi. Rudia mara 2. Mwenye mashine ya mvuke aipitishe polepole, kama sekunde 10 kwa kila sentimita 10, ncha ikiwa karibu na mbao. Ikipita haraka inawapulizia mbali tu wakiwa hai. Mbao zikauke kabisa kabla ya hatua nyingine.

Nyufa na matundu ya misumari ziba. Gundi nyeupe ya mbao iliyokandwa na vumbi la mbao la fundi seremala inashika vizuri na gharama yake ni ndogo. Ukutani tumia pati au saruji, na nyumba za mawe za mjini Lamu na Zanzibar zipigwe chokaa upya mahali lipu ilipoachia. Mabomba ya dabodeka yapate vifuniko vya plastiki au yafungwe kwa selotepu imara, baada ya kumiminwa maji ya moto ndani.

Dawa, na kwa nini wakati mwingine haiwaui

Dawa nyingi za dukani ni za jamii ya pairethroidi. Soma lebo: majina ya kiungo chake huishia na "thrin". Permethrini, deltamethrini na saipamethrini ni ndugu, na wote wameigwa kutoka kwenye sumu ya pareto, ua linalolimwa Mafinga na Molo. Vyandarua vyenye dawa navyo hutumia jamii hiyo hiyo. Hapo ndipo tatizo letu lilipo. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti kutoka kaskazini mashariki mwa Tanzania ulioonyesha kunguni wa vijiji vilivyotumia vyandarua vyenye dawa wamekuwa sugu kwa pairethroidi. Mwanzoni vyandarua vilikuwa vinawamaliza na watu wakafurahi. Baada ya muda kunguni wakarudi wakitembea juu ya kitambaa kilekile. Na si mara ya kwanza kwao: usugu kwa DDT, dawa ya wadudu ya zamani, ulionekana mapema kabisa, mwaka 1947, kwenye kambi za Pearl Harbor huko Hawaii.

Unaweza kujipimia nyumbani. Pulizia dawa uliyochanganya kwa kipimo cha lebo juu ya karatasi, iache ikauke kabisa, iweke ndani ya kopo la kioo, kisha watie kunguni 5 na ufunike kwa kitambaa. Weka wengine 5 kwenye kopo lenye karatasi isiyo na dawa ili ulinganishe. Baada ya saa 24, kama wale wa dawa wanatembea sawasawa na wenzao, dawa hiyo kwako haina kazi hata ukiongeza kipimo mara 3. Ukiongeza kipimo unawaongezea sumu wanao tu. Badilisha jamii: tafuta yenye imidaklopridi pamoja na pairethroidi, au yenye klofenapiri, ambayo huua taratibu kwa siku kadhaa, hivyo usiihukumu kesho yake.

Puliza kwenye nyufa, viungo vya fremu, chini ya chaga, nyuma ya ubao wa kichwani, pembe za ukuta na sakafu. Kwa dawa nyingi za kuchanganya na maji, lita 1 ya mchanganyiko hutosha mita za mraba 20 hadi 25, lakini lebo ndiyo inayoamua. Usipulize juu ya godoro pale mwili unapolala isipokuwa lebo imeruhusu, na kitanda cha mtoto mchanga usikiguse kwa dawa kabisa. Watu, paka na kuku wakae nje mpaka ikauke na hewa ipite. Usipige deki pembeni mwa kuta kwa wiki kadhaa, maana dawa iliyokauka ndiyo inayowasubiri watoto wanaoanguliwa.

Makopo ya kupuliza hewani, na yale ya moshi unayowasha na kufunga mlango, siyapendekezi. Ukungu wa dawa huelea na kutua juu ya vitu, hauingii ndani ya mshono wala tundu la msumari. Wanaopata kidogo hukimbia, na wakikimbia huenda kwa jirani.

Kuna unga unaostahili kujulikana zaidi Afrika Mashariki, nao ni dayatomaiti: mabaki ya mimea midogo sana ya majini yaliyogeuka jiwe laini jeupe. Unachimbwa hapa hapa kwetu, Kariandusi karibu na Gilgil nchini Kenya. Hauui kwa sumu. Hunyonya nta ya juu ya ngozi ya kunguni naye hukauka, kwa hiyo usugu wa dawa haumsaidii. Upake kwa brashi kavu, tabaka jembamba kiasi cha kutoonekana kirahisi, ndani ya mashimo makavu: nyuma ya soketi baada ya kuzima umeme, ndani ya mabomba ya kitanda, kwenye nyufa za ukuta. Ukiumwaga lundo wataupita pembeni. Huchukua siku kadhaa hadi wiki 2, na kwenye unyevu wa Pwani hufanya kazi polepole zaidi. Vaa barakoa unapoupaka. Ule uliotengenezwa kwa ajili ya kuchujia maji ya bwawa la kuogelea usiutumie, umechomwa na unadhuru mapafu.

Sasa yale ya hatari, nayasema kwa msisitizo wote nilionao. Vidonge vya kuhifadhia mahindi ghalani, vile vya alumini fosfaidi, vikipata unyevu hutoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo hupita kwenye nyufa za ukuta na juu ya dari, huingia chumba cha jirani aliyelala, na huua watu. Haina dawa ya kuiondoa mwilini. Hakuna kiasi cha kunguni kinachohalalisha kidonge hata kimoja ndani ya nyumba ya kulala watu. Dawa za shambani za kupulizia nyanya au pamba nazo hazikutengenezwa kwa chumba cha kulala. Mafuta ya taa na petroli kwenye godoro na mbao ni moto unaosubiri mshumaa au jiko la mkaa.

Ukimwita mpulizaji, mwambie akuonyeshe chombo chenye lebo kabla hajachanganya. Akija na chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa kitu cheupe, mshukuru aende. Dawa iwe imesajiliwa: Tanzania na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), Kenya na bodi ya viuatilifu (PCPB). Na bei mnayokubaliana iwe ya safari 2 angalau.

Kalenda

Siku ya kwanza ni ile kazi kubwa. Siku ya 7 kagua kila mshono na chaga, kwangua, loweka shuka tena. Kati ya siku ya 12 na 14 puliza mara ya pili: kwa joto la Pwani mayai yote ya mwanzo yameshaanguliwa, na watoto bado hawajafikia kutaga. Tangu yai mpaka kunguni anayetaga ni wiki 4 hadi 6, na katikati hapo lazima anyonye damu mara 5, kila mara kabla ya kuvua ganda. Siku ya 28 kagua na kupuliza mara ya tatu kwa waliochelewa. Ukipuliza siku ya 4 kwa sababu umemwona mmoja, umepoteza dawa. Ukingoja mwezi na nusu, wapya wameshataga.

Wa Njombe, Limuru au Bukavu wasifuate tarehe hizi kama zilivyo. Kwenye nyuzi 18 yai huchukua kama wiki 3. Sogezeni mzunguko wa pili mpaka wiki ya 4, mwongeze na ukaguzi wa miezi 2.

Kitanda kiwe kisiwa

Wakati wote huo endelea kulala kitandani kwako, lakini kitanda kisigusane na chochote. Kisogeze sentimita 15 kutoka ukutani. Shuka na blanketi visiburute chini. Chandarua kichomekwe chini ya godoro, kisiguse ukuta. Kila mguu uingie kwenye kopo.

Kuhusu makopo, maelezo mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa kunguni wa nchi za baridi, ambaye hawezi kupanda plastiki laini. Kwetu, hasa Pwani, yupo zaidi kunguni wa nchi za joto, na huyu ana vinyweleo vingi zaidi vya kushikia kwenye miguu yake. Anaupanda ukuta laini wa kopo na kutoka. Kwa hiyo kopo tupu halitoshi: weka maji ya sabuni au mafuta ya kupikia, kina cha sentimita 2. Maji ya sabuni badilisha kila baada ya siku 2 au 3, mbu wasizaliane wala yasikauke.

Kila asubuhi hesabu walioanguka na uandike kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango. Karatasi hiyo itakuambia ukweli kuliko hisia. Wiki ya kwanza 14, ya pili 9, ya tatu 2: unashinda. Wakipanda ghafla baada ya wiki ya 3, ama kuna kundi hukuligundua, au wanatoka kwa jirani. Wiki 8 za sifuri mfululizo huku mtu analala hapo ndipo unaweza kufungua mifuko ya nguo.

Godoro livishe kava lenye zipu linalolifunika lote. Fundi cherehani anaweza kulishona kwa kitambaa kizito kilichofumwa kwa kubana. Mwisho wa zipu, pale panapobaki kijitundu, bandika selotepu, kwa sababu mtoto wa milimita 1.5 hupita. Liache mwaka mzima.

Majani ya maharage yana hadithi ya kweli: watu wa Balkani waliyatandaza sakafuni usiku, na watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2013 kuwa vinyweleo vilivyopinda vya jani huichoma miguu ya kunguni na kumnasa. Hayagusi mayai, kwa hiyo yanapunguza tu.

Jirani

Kwenye nyumba ya Kiswahili yenye vyumba 6 na dari moja, chumba kimoja kikifanyiwa kazi peke yake, juhudi hizo zinaweza kupotea ndani ya mwezi. Kikwazo kikubwa ni aibu. Kila mmoja anakwangua kimya kimya usiku akidhani ni yeye tu. Kunguni hafuati uchafu, anafuata damu. Chumba safi chenye watu 2 kinamtosha. Kaeni uani, semeni, mwambieni mwenye nyumba, mpange Jumamosi moja vyumba vyote pamoja, na mzunguko wa pili tarehe ile ile kwa wote. Kuku wanaolala ndani wahamishwe, nao hunyonywa.

Kuzuia wasiingie upya ni suala la milango michache. Kochi au kitanda cha mtumba kigeuzwe na kukaguliwa barabarani kabla hakijapita mlangoni, pamoja na kitambaa cheusi cha chini. Gesti, inua kona 2 za shuka upande wa kichwani kabla hujaweka begi chini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwanafunzi wa bweni akirudi likizo, tranka lifunguliwe uani juu ya plastiki, si chumbani. Nguo zote ziende moja kwa moja kwenye beseni la maji ya moto, godoro likaguliwe mshono kwa mshono, na tranka tupu, pamoja na bawaba zake na mkunjo wa bati kwenye mfuniko, limiminiwe birika zima la maji yanayochemka.